Udongo Nao Hula

Nyanya inayougua mnyauko hufa ikiwa kijani, na hapo ndipo panapouma. Magonjwa mengine hubisha hodi: jani likapata doa, doa likapanuka, jani likageuka njano, nawe ukajua mgeni ameingia. Mnyauko haubishi hodi. Asubuhi mche umesimama na maua yake. Saa saba mchana umelegea kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Jioni jua likipungua unainuka kidogo, unakutia moyo. Siku ya tatu au ya nne hauinuki tena, na majani bado ni mabichi.

Mimi ni kijana wa Gungu, hapa Kigoma. Nimemaliza kidato cha nne, ajira ya kueleweka sina, na usiku naandika riwaya ambayo mpaka leo haijapata mwisho wala mchapishaji. Mchana ni mtu wa jembe. Shangazi yangu, ndiye aliyenilea, hukodi shamba katika bonde la mto Luiche, kule upande wa Ujiji, na hulima nyanya wakati wa kiangazi maji yanapopungua. Ada yangu ya shule ilitoka humo, tenga kwa tenga. Kwa hiyo ndugu msomaji, nikiandika habari za ugonjwa wa nyanya usidhani nimekosa la kuandika. Naandika habari za sahani yetu.

Wenzangu wa kijiweni, wapenda vitabu kama mimi, huniuliza: "Wee, samadi na fasihi wapi na wapi?" Nawajibu kwamba hadithi nyingi huanza pale mtu anapotaka kujua nani kaua. Basi na mimi nilitaka kujua nani kaua nyanya za shangazi.

Watuhumiwa hawakukosekana. Jirani yetu wa shamba la pili alisema ni kijicho. Eti shangazi amefululiza kuuza vizuri misimu miwili, watu wamemtazama vibaya. Muuzaji wa duka moja la pembejeo alisema ni ukungu, akatoa pakiti ya unga wa kupuliza, akasisitiza kila wiki, mvua isinyeshe. Shangazi alipuliza kila wiki. Pakiti ikaisha, nyingine ikanunuliwa, na miche ikaendelea kulala mmoja baada ya mwingine kwa mstari, kama watu waliopanga foleni.

Aliyetuonyesha mwuaji ni bwana shamba. Alikuja kwa baiskeli siku ya Jumamosi bila mashine yoyote. Akaomba bilauri ya maji safi na kisu. Akakata kipande cha shina la mche uliolegea, karibu na mzizi, akaitumbukiza ncha yake majini na kukishika wima bila kukitikisa.

"Subirini," akasema.

Tukasubiri dakika chache. Kutoka pale penye mkato ukaanza kushuka uzi mweupe, mwembamba, kama maziwa yanayochuruzika polepole. Shangazi aliinama hata pua yake ikakaribia kugusa maji.

"Lo! Kumbe ni usaha."

"Ni bakteria, mama. Mamilioni yao. Wameziba mishipa ya kupandishia maji. Mche wako unakufa kwa kiu, na maji yako miguuni pake."

Kitaalamu bakteria hao huitwa Ralstonia solanacearum. Mmarekani Erwin Smith ndiye aliyewaeleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi, mwaka 1896. Hushambulia aina zaidi ya 200 za mimea, na jamaa za nyanya wamo: biringanya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo, tumbaku. Huingia kwa mizizi, hasa mizizi iliyojeruhiwa na jembe au na minyoo fundo, ile minyoo midogo isiyoonekana kwa macho ambayo huacha vinundu mizizini. Husafiri kwa maji ya kumwagilia, kwa tope la jembe, hata kwa nyayo za raba zako. Na wakikosa nyanya, wanaweza kujificha udongoni kwa miaka.

Hapo nikaelewa kwa nini pakiti mbili za dawa hazikufua dafu. Dawa ile ni ya ukungu na hupulizwa juu ya majani. Mwuaji si ukungu, na yuko chini. Ni sawa na kumvizia Mwanga mwizi ambaye amekwisha panda boti Kibirizi.

Swali la shangazi lilikuwa jepesi: "Basi tuue kila kilichomo humo chini, si yaishe?" Kumbe wapo duniani waliofanya hivyo. Kwa miaka mingi mashamba makubwa ya maua Kenya, na vitalu vya tumbaku kusini mwa Afrika, vilifukizwa kwa gesi iitwayo methili bromaidi. Gesi hiyo iliua vimelea, minyoo, mbegu za magugu, na pamoja nao kila kiumbe chema kilichokuwa karibu. Tena ilikuwa ikipanda angani na kuharibu tabaka la ozoni. Kwa hiyo ikaingizwa katika Mkataba wa Montreal, ule wa mwaka 1987, na nchi tajiri zikatakiwa kuiacha kufikia 2005, nchi zetu kufikia 2015, isipokuwa kwa matumizi machache maalumu. Lakini hata kabla ya ozoni, wakulima walikwisha ona jambo moja: udongo uliofukizwa, ugonjwa ukirudi, ulirudi kwa kasi kuliko mwanzo. Ulikuta nyumba tupu.

Jambo hilo la nyumba tupu ndilo lililonishika. Fikiria mtaa wetu wa Gungu usiku. Penye taa, muuza kahawa na wazee wanaocheza bao, kibaka hapiti. Si kwamba kuna askari. Hapana nafasi tu: kila kiti kina mtu, kila kona ina jicho. Ukiufukuza mtaa mzima ulale saa moja, kibaka atatembea katikati ya barabara akipiga mluzi.

Udongo nao ni hivyo hivyo. Udongo wenye afya umejaa bakteria, kuvu na minyoo, na walio wengi hawana ubaya wowote na mimea. Wanataka kula tu. Ukiwapa mboji, samadi iliyoiva, majani yaliyooza, wanaongezeka na kujaa kando ya mizizi. Mnyauko ukija unakuta chakula kimeliwa na viti vimekaliwa. Baadhi ya wenyeji hao hutoa sumu zao ndogo za kumdhuru mgeni. Kuna kuvu wanaotega minyoo fundo kwa vitanzi na kuila. Mbolea yenye naitrojeni nyingi, kama mavi ya kuku au mabaki ya samaki, ikioza hutoa amonia ambayo minyoo na vimelea kadhaa hawaivumilii. Na imeonekana kwamba mmea unaoishi na majirani wema mizizini huamka mapema, ukajiandaa kujikinga kabla haujaguswa.

Jambo lenyewe si geni, wala halikuletwa na mradi. Watu wa kisiwa cha Ukara, kule Ziwa Victoria, tangu zamani hufunga ng'ombe wao ndani na kukusanya samadi kwa ajili ya vishamba vyao vidogo, maana ardhi ni finyu na watu ni wengi. Wamatengo wa Mbinga hulaza majani waliyoyafyeka kwa mistari inayokatana, wakayafunika udongo, wakapata ngoro: vishimo vinavyozuia mmomonyoko huku majani yakioza chini ya mazao. Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi India, aliuweka sawa utaratibu wake wa mboji mjini Indore katika miaka ya 1920, kisha akaueleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1940. Alikiri kwamba walimu wake wakubwa walikuwa wakulima wa vijijini. Akashikilia kuwa ugonjwa wa mmea ni dalili ya udongo uliochoka. Wapo waliomwona ametia chumvi mno. Lakini katika miaka ya 1970 huko Ohio, Marekani, Harry Hoitink na wenzake walichunguza jambo ambalo wenye vitalu vya miche walikuwa wameliona, kwamba miche iliyooteshwa katika maganda ya miti yaliyoozeshwa vizuri ilisumbuliwa kidogo na kuoza mizizi. Wakagundua kwamba kinga ile ilitokana kwa sehemu kubwa na viumbe hai waliomo. Mboji ile ile ukiichemsha ukawaua, kinga inapotea.

Basi tukajenga biwi. Hapa ndipo utajiri wa Kigoma unapoonekana, utajiri tunaoutupa. Sisi ni watu wa mawese. Penye kinu cha kukamulia hapakosi lundo la makapi na mikungu mitupu ya michikichi, na majivu yake yana potasiamu nyingi, ndiyo maana wazee waliyatumia kutengenezea sabuni. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipoivalia njuga michikichi na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora, miche imekuwa ikipandwa kwa wingi. Mikungu mitupu nayo itaongezeka. Pale Kibirizi, kwenye vichanja vya dagaa, kila siku kuna mabaki yanayofagiliwa. Mitaani mwetu kuna mavi ya kuku na ya mbuzi ambayo wenyewe wanakushukuru ukiyaondoa.

Nilisomba kwa baiskeli, viroba viwili kila safari. Tulipanga tabaka: majani makavu na makapi ya chikichi chini, kisha samadi, kisha majani mabichi, kisha mabaki ya dagaa kidogo yaliyofunikwa vizuri, majivu kiduchu, udongo, tukarudia hadi biwi likafika kifuani. Kanuni ya wataalamu ni kwamba kaboni iwe mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Sisi tulipima kwa pua na mkono. Biwi likinuka vibaya, ongeza vikavu. Likikaa siku kadhaa bila kupata joto, ongeza samadi. Maji yawe kama ya nguo iliyokamuliwa, yasichuruzike.

Joto ndilo jambo lenyewe. Biwi likienda sawa hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, na ukilipindua mara kwa mara ili kila upande upite katikati, joto hilo huua mbegu za magugu na vimelea vingi. Tulichomeka kijiti kirefu katikati. Ukikichomoa na kukishika, kikikuunguza, biwi linafanya kazi. Hata hivyo, miche iliyokufa kwa mnyauko hatukuitia humo. Tuliing'oa na mizizi yake na kuichoma mbali na mfereji. Jirani wa shamba la pili alipita akaziba pua: "Jamani, humo mmezika nani?" Shangazi akamjibu, "Tumemzika njaa." Baada ya miezi mitatu biwi lilikuwa limeshuka nusu, jeusi, linanuka kama msitu baada ya mvua.

Sasa nitaeleza matokeo kama yalivyokuwa, bila kuyapamba, maana sipendi waandishi wanaofanya kila dawa iwe muujiza. Tulikuwa na matuta manane. Kwa ushauri wa bwana shamba, manne tuliyalisha mboji na manne tukayaacha kama zamani. Msimu ule miche ilikufa pande zote mbili. Ila kwenye matuta yaliyoshiba walikufa wachache, tena walichelewa, na waliobaki walizaa. Shangazi hakuridhika. "Dawa gani hii ya nusu nusu?"

Bwana shamba hakumficha. Mboji peke yake haifukuzi mnyauko. Inapunguza makali, na hupunguza zaidi kadiri miaka inavyokwenda na udongo unavyozidi kushiba. Inataka wenzake: msimu mmoja au miwili ya mahindi, ambayo mnyauko huu hauna nayo kazi, tena usifuatishe nyanya kwa biringanya wala pilipili, maana hao ni ndugu; majembe yaoshwe; maji yasitoke tuta gonjwa kwenda tuta zima; miche itoke kitalu safi. Wala mboji haizuii kila adui wa nyanya. Yule kiwavi wa kantangaze, aliyegunduliwa nchini mwaka 2014, hushuka kutoka hewani na hajali udongo umekula nini. Tukapanda mahindi. Fedha ya mahindi ni ndogo kuliko ya nyanya, kila mtu bondeni anajua, na mwaka ule nyumbani tulikula ugali kwa dagaa wasiokaangwa. Tuliporudisha nyanya, juu ya matuta yote manane yaliyokwisha kulishwa, waliolala walikuwa wa kuhesabika.

Na hapo, ndugu msomaji, ndipo tatizo lenyewe lilipochomoza kichwa, nalo halikuwa la bakteria.

Shamba si letu. Bondeni tunakodi kwa msimu, maneno ya mdomoni, fedha mkononi. Mwenye shamba alikuja baada ya mavuno. Akainama, akachota konzi ya udongo, akaufikicha, akaunusa. "Udongo umekuwa mweusi," akasema. Kisha akasema msimu ujao kodi itapanda, au kama tunaona ni nzito, yuko mpwa wake anayetaka kulima nyanya. Jirani wa shamba la pili alicheka sana. "Si niliwaambia? Mnanenepesha ng'ombe wa mtu."

Usiku ule nilielewa kwa nini watu wengi bondeni wanajua habari za mboji na hawaitumii. Tunapenda kusema wakulima hawana elimu. Uongo! Wanajua hesabu kutuzidi. Pakiti ya dukani, ikufae isikufae, hukaa msimu mmoja, na mkodishaji naye hukaa msimu mmoja. Mboji hulipa mwaka wa pili na wa tatu. Ni nani atakayebeba viroba kutoka Kibirizi mpaka Luiche kwa ajili ya mwaka ambao hana hakika atakuwepo? Mboji ni dawa ya mtu anayejua kesho atakuwa hapo hapo.

Shangazi hakulia wala hakubembeleza. Alimwalika mwenye shamba arudi asubuhi. Akaenda kwa jirani, akaomba mche uliolegea, akachukua bilauri ile ile. Akakata shina, akalitumbukiza, akamwambia mzee, "Shikamoo, karibu ukae. Tazama, usiseme kitu."

Uzi mweupe ukashuka. Mzee akatazama muda mrefu.

"Hii iko kwenye shamba langu?"

"Ipo kidogo. Sisi tumeilaza. Mpwa wako akipanda nyanya juu ya nyanya kila msimu, bila kulisha, miaka miwili tu shamba lote litakuwa hivi, na hatapatikana wa kulikodi. Mimi nataka miaka mitano, kodi ya sasa. Nitakurudishia shamba jema kuliko nililolikuta."

Walivutana mpaka adhuhuri. Wakakubaliana miaka mitatu, kodi ile ile kwa miwili ya mwanzo, na katika kila tuta nyanya zisirudiwe misimu miwili mfululizo. Kisha wakanigeukia mimi, msomi wa kidato cha nne. Niliandika kwenye karatasi ya daftari, nakala mbili, maneno ya kawaida yasiyo na mapambo, tukaenda kuyatia sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mzee aliniomba nimsomee mara tatu. Kila nilipofika kwenye neno la kukwaruza aliinua kidole, nami nikalibadili. Hajapata kutokea msomaji aliyeyapima maneno yangu namna ile.

Nimeandika haya kwa sababu katika mazungumzo ya siku hizi juu ya kilimo hai huwa tunaishia kwenye biwi. Tunawafundisha watu kupanga tabaka na kupima joto, tukapiga picha, tukaenda zetu. Ni elimu njema, nami nimeitumia. Lakini udongo hula polepole. Anayelisha anahitaji kuwepo mpaka ushibe. Kama wewe ni mtoto wa mwenye shamba, Ujiji au kwingineko, mwambie mzee wako kwamba mkodishaji wa miaka mitatu anamtunzia mali, na wa msimu mmoja hana budi kuikamua. Kama wewe ni mkodishaji, omba miaka kabla hujabeba kiroba cha kwanza. Na kama unajua kusoma na kuandika, usingoje mchapishaji. Mtaani kwako yuko mtu anayehitaji ukurasa mmoja ulioandikwa sawasawa.